Saa ya Kuchora: Mhadhara kwa Walimu na Wazazi wa Butembo na Beni

 Mji wetu wa Butembo ni mji wa biashara. Mtu akiacha kazi yake mchana ili asikilize habari za watoto na michoro yao, heshima hiyo naiona na naishukuru.

Naanza na ratiba. Ingieni katika darasa lolote la shule ya msingi hapa Butembo, Beni, Lubero au Oicha, mtazame ile karatasi iliyobandikwa karibu na ubao. Kuchora kumo. Programu ya taifa imekuweka pamoja na kuimba na kazi za mikono, na mara nyingi kumepangwa mwisho wa juma, watoto wakiwa wamechoka na mwalimu amechoka zaidi. Sasa, saa hiyo ikifika, kinatokea nini? Pengine hesabu ambayo haikumalizika asubuhi inaimeza. Isipomezwa, mwalimu anachukua chaki na kuchora nyumba ubaoni: paa la pembetatu, mlango katikati, dirisha huku na dirisha kule, mwembe pembeni. Watoto wananakili. Aliyefananisha anapata 8 juu ya 10. Aliyechora nyumba ya kwao, yenye mabati yaliyopinda na moshi unaotoka jikoni kwa nyuma, anapata 4, kwa sababu hakufuata.

Nilichokuja kusema leo ni hiki: kunakili nyumba ya mwalimu si kuchora, na mtoto aliyenakili kwa miaka sita ametoka shuleni akiwa amefundishwa kutoyaamini macho yake. Somo la kuchora ni somo la kutazama. Mkono unafuata.

Jaribuni jambo hili katika mwaka wa nne. Waambieni watoto wachore chukudu kwa kukumbuka tu. Wote wanaijua. Inapita mbele yao kila asubuhi, ikiteremka na mbao, makaa, magunia ya viazi. Watachora haraka sana: ubao mmoja, magurudumu mawili, usukani wenye pembe mbili. Kusanyeni karatasi hizo, mziweke. Kisha mwombeni kijana mmoja mwenye chukudu aiingize uwanjani, aiegemeze ukutani kwa nusu saa. Mlipeni kidogo, maana muda wake ndio mshahara wake. Watoto wakae chini kuizunguka, na wasishike kalamu bado. Ulizeni. Magurudumu haya ni ya mbao, lakini yamevikwa nini? Usukani unaingia wapi, na unazungukaje? Mwenye kuiendesha anaweka goti wapi, na kwa nini pale pamewekwa kipande cha ndala? Breki iko wapi? Watanyamaza. Halafu mmoja, na mara nyingi ni yule anayekaa benchi la mwisho, ataona kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu wakati wa kuteremka. Mwingine atapiga kelele kwamba kuna springi mbele. Hapo sasa ndipo wachore tena.

Wekeni mchoro wa kwanza na wa pili wa kila mtoto bega kwa bega. Ule wa kwanza ni chukudu ya watu wote, unafanana na wa jirani yake. Wa pili una misumari, una mpira uliochakaa, una ubao uliopasuka upande mmoja. Kipaji hakiongezeki kwa nusu saa. Mtoto ametazama, basi. Na mwalimu hakuchora chochote ubaoni. Hata mwalimu anayesema mwenyewe hajui kuchora anaweza kutoa somo hili, kwa kuwa kazi yake ni kuuliza.

Hapa lazima nizungumzie umri, kwa sababu tunakosea kumfundisha mtoto wa miaka sita na wa miaka kumi na mmoja kwa namna moja. Mtoto mdogo akichora mtu, huanza na kichwa, na miguu inatoka kichwani moja kwa moja. Baadaye kiwiliwili kinakuja. Akiingia mwaka wa kwanza, anapiga mstari chini ya karatasi na kusimamisha kila kitu juu yake: mama, mbuzi, mgomba, jua kwenye kona. Mama ni mkubwa kuliko nyumba. Ukuta wa nyumba upo, lakini ndani unaona kitanda na sufuria na mtoto mchanga. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa kutoka Austria aliyewakimbilia Wamarekani wakati wa Hitler, alieleza hatua hizi katika kitabu alichochapisha mwaka 1947, na mwalimu yeyote wa darasa la chini anaweza kuzithibitisha kwa macho yake bila kukisoma. Mama ni mkubwa kwa sababu ndiye muhimu. Kitanda kinaonekana kwa sababu mtoto anajua kipo. Hayo si makosa ya kupigiwa mstari mwekundu. Mwacheni mtoto huyo achore, kisha mwambieni asimulie mchoro wake kwa Kiswahili au kwa Kinande, vyovyote anavyoweza. Katika madarasa ya chini, ambako mtoto bado anaogopa Kifaransa, mchoro humfungua kinywa.

Karibu na miaka tisa au kumi mambo hugeuka. Mtoto anaanza kuona kwamba alichochora hakifanani na alichokiona. Anafunika karatasi kwa mkono. Anasema, "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Sentensi hiyo ni habari njema, maana jicho lake limekua na linadai kufundishwa. Sasa ndipo anahitaji mwalimu wa kumwonyesha kwamba kitu cha mbele hufunika kipande cha kitu cha nyuma. Kwamba kalamu iliyonyooshwa mbele ya jicho moja inaweza kupima urefu wa mti. Kwamba kivuli kina upande. Sisi wa Butembo tumepewa darasa la umbali bure. Simameni na watoto asubuhi, ukungu ukianza kuinuka, mtazame vilima. Kilima cha karibu, chenye mikaratusi, ni cheusi na majani yake yanahesabika. Cha pili kimefifia. Cha tatu kimekuwa kama moshi. Mtoto wa Mutwanga anaona jambo hilohilo kwenye safu za Ruwenzori zikijitokeza mawinguni. Mwambieni achore vilima vitatu kwa kaa moja la mkaa, akandamize sana, kiasi, na kidogo kabisa. Amejifunza umbali.

Lakini tazameni tunachofanya. Ni katika mwaka wa tano na wa sita, mtoto anapohitaji zaidi mafundisho haya, ndipo saa ya kuchora inapofutwa, kwa sababu mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi unauliza Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla, na kuchora haukuulizi. Naelewa shinikizo hilo. Mkurugenzi anahukumiwa kwa idadi ya waliofaulu. Hata hivyo nasema waziwazi: saa moja ya juma haijamwangusha mtoto yeyote katika mtihani huo, na mtoto aliyezoea kutazama pembe, nusu na robo kwa kuzichora anazielewa upesi zaidi zinapokuja kwenye hesabu.

Wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, yaliyoletwa na wamisionari pamoja na saa na kengele. Ndugu zangu, nendeni kusini mwa Beni, pale mto Semuliki unapotoka katika ziwa Edward. Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo, wa urefu wa sentimita kumi hivi, wenye mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wataalamu wamebishana kama ni hesabu au ni kalenda ya mwezi, nao wabishane. Kwangu mimi mwalimu inatosha kwamba mtu aliyekaa kando ya ziwa letu alichukua chombo chenye ncha, akaacha alama kwa mpango, nafasi kwa nafasi. Mfupa wenyewe uko Brussels. Lakini hakuna kinachotuzuia kuwaambia watoto wa Kyavinyonge, wanaouona mwanga wa ziwa hilo kila siku, kwamba alama hizo zilichongwa kwao.

Na msituni, kuanzia kandokando ya eneo la Beni hadi ndani ya Ituri, Wambuti wamekuwa wakitengeneza nguo ya gome la mti. Wanaume hulitwanga gome hadi linakuwa laini, wanawake hulichora, kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na masizi ya mkaa, wakitumia kidole au kijiti. Mistari inakwenda, inakatika ghafla, inageuka, inaacha nafasi tupu kubwa, kisha inaanza tena kwa kasi nyingine. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yanazitundika nguo hizo ukutani na watu wanalipa kuingia kuzitazama. Ni wangapi kati yetu tumewahi kumwalika mama wa Kimbuti darasani aje awaonyeshe watoto wetu anavyochora? Tunawaita wakija kuuza asali. Tuwaite pia waje kufundisha.

Nitoke kwetu kidogo niende Katanga, kwa sababu kule kulifanyika jaribio la kufundisha ambalo kila mwalimu wa Kongo angepaswa kulijua. Kabla ya jaribio hilo, mwaka 1926, mtumishi wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliona huko Bukama nyumba zilizochorwa kutani. Mchoraji mmoja alikuwa Albert Lubaki. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 michoro ya Lubaki ikaonyeshwa Brussels. Wanyama, waendao safari, mtu juu ya baiskeli. Hakuna shule iliyomfundisha. Baadaye habari zake zikapotea kwa watu waliomtangaza, na hilo ni deni lao.

Miaka ishirini baada ya Thiry kuziona nyumba hizo, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Waliiita Hangar. Alikataa kuwawekea wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwaambia wakumbuke walichokiona: mto, nyoka, samaki, ndege, mawindo. Na tazameni kilichotoka. Pilipili Mulongoy, mtoto wa mvuvi aliyekuwa akipaka rangi majumba, alijaza karatasi ndege na samaki, na nyuma yao nukta nyingi kama mvua. Bela Sara alipaka kwa ncha za vidole, bila brashi. Mwenze Kibwanga alijenga kila umbo kwa mistari mifupi iliyolala pamoja. Watu watatu, karakana moja, mwalimu mmoja, na hutaweza kumchanganya mmoja na mwenzake hata ukiziona picha kwa mbali. Mwalimu ambaye darasa lake lina watoto hamsini na michoro hamsini inayofanana ajiulize mbele ya jambo hilo.

Hata hivyo Hangar nayo ilikuwa na ukuta. Mwalimu ndiye aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si chake. Msitu na nyoka viliingia. Mgodi, treni, polisi na kodi, ambavyo wachoraji hao waliviona kila siku mjini, havikuingia sana. Sitaki tufanye kosa hilo kwa kumwambia mtoto wa Butembo achore ngoma na kibuyu tu ili awe Mwafrika mwema. Pikipiki ni yake. Mnara wa simu ni wake. Kontena, duka la simu, bango la muziki, vyote ni vyake. Aliyetuonyesha hivyo ni Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Katanga. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha mia moja hivi, akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha kwao. Lumumba yumo, wachimba migodi wamo, mabeberu wamo. Alichora juu ya magunia ya unga yaliyopakwa rangi, na watu wa kawaida walizinunua picha za namna hiyo wakazitundika sebuleni.

Magunia ya unga yananileta kwenye vifaa, kwa maana ninajua swali lenu. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure Septemba 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu hana hata chaki za kutosha. Karatasi na rangi zitoke wapi? Mchoraji Edward Tingatinga kule Dar es Salaam, mwaka 1968, alianza na vipande vya mbao za dari na rangi ya baiskeli. Sisi tunavyo vya bei ndogo zaidi. Chukueni vijiti vikavu vya mkaratusi vyembamba kama kalamu, mvijaze katika kopo la maziwa ya unga, mfunike, mtoboe tundu dogo kwenye kifuniko, mliweke motoni. Moshi ukiacha kutoka, ondoeni, mwache lipoe kabisa bila kulifungua. Mna mkaa wa kuchorea wa darasa zima. Udongo mwekundu wa vilima vyetu ukitwangwa, ukachujwa kwa kitambaa, ukachanganywa na uji mwembamba wa unga wa muhogo, unakuwa rangi inayoshika kwenye kartoni. Udongo mweupe vivyo hivyo. Pikeni uji huo siku ileile, kwani unachacha. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Karatasi ni mfuko wa saruji uliofunguliwa na kukung'utwa vizuri nje, mbali na watoto, au maboksi ya biskuti kutoka madukani, na wafanyabiashara wetu hawatakunyimeni maboksi. Na siku ambayo hakuna chochote, uwanja upo na vijiti vipo. Darasa lililojaa mno ligawanyeni: nusu nje wakitazama na kuchora ardhini, nusu ndani wakisoma, kisha wabadilishane.

Sasa nifike mahali pagumu. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu waliouawa usiku mashambani na majumbani mwao, na bado linazika. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikaanzia Mangina, ikaingia Beni, Butembo, Katwa. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Watoto tunaowafundisha wamepita humo, au wamelelewa na waliopita humo. Wamo darasani waliokimbia na godoro kichwani. Ukimpa mtoto huyo karatasi, kuna siku atachora panga, nyumba inayowaka, mtu mwenye mavazi meupe aliyefunikwa uso.

Nawaombeni mambo machache, na nayaomba kwa uzito wote. Msiwaagize watoto kuchora vita. Akichora mwenyewe, msishtuke mbele ya wenzake, msimuulize maswali darasani, msimpe pointi. Mwambieni mmeona. Mkimwona amebadilika, hali, halali, tafuteni mzazi au mlezi, tafuteni wale wanaofanya kazi ya kuwasikiliza watoto. Mwalimu wa kuchora si mganga wa roho. Na mchoro huo msiupeleke kwa mgeni mwenye kamera, wala msiuweke kwenye ripoti ya mradi ili fedha zije. Machozi ya mtoto si bidhaa.

Yuko mwanamke ninayemkumbuka kila ninapolizungumza jambo hili. Friedl Dicker-Brandeis alikuwa msanii Myahudi wa Vienna, aliyesoma katika shule ya sanaa ya Bauhaus. Desemba 1942 Wanazi walimpeleka Terezín, kambi iliyojaa familia zilizosubiri kupelekwa kuuawa. Kule aliwafundisha watoto kuchora, na hakuwaambia wachore kambi. Aliwafundisha mdundo wa mstari, maua ndani ya chombo, kukata na kubandika karatasi, kuchora walichokiona dirishani. Alitaka kila mmoja aandike jina lake kwenye kazi yake. Oktoba 1944 aliuawa Auschwitz, na wengi wa watoto hao pia. Michoro 4,500 hivi ilibaki, na leo iko katika makumbusho ya Wayahudi mjini Prague. Kwa wengi wao, jina hilo lililoandikwa kwenye kona ya karatasi ndilo lililobaki. Aliwapa sanaa kamili, yenye nidhamu yake, katikati ya kifo. Mtoto wa Oicha anastahili sanaa kamili vilevile.

Wazazi wataniuliza faida. Seremala asiyeweza kuchora mlango kabla ya kuukata anapoteza mbao. Fundi cherehani huchora kwa chaki kabla ya mkasi. Mwashi anayeujenga mji huu wetu anasoma ramani. Mwanafunzi wa udaktari hapa Chuo Kikuu cha Graben anachora moyo na mishipa yake ili auelewe. Faida ipo. Lakini singependa saa hii itetewe kwa faida peke yake, kwani tungeifuta tena siku faida ikikawia. Mtoto ana macho, na shule inayoyaacha bila mafundisho imemfundisha nusu tu.

Wakurugenzi, rudisheni saa hiyo katika mwaka wa tano na wa sita kuanzia muhula ujao, na msiruhusu hesabu iikope. Walimu, futeni ile nyumba ubaoni. Mnaofundisha katika shule za ualimu, msimpe kijana diploma ya ualimu, D6, kabla hajaongoza somo moja la kutazama mbele ya watoto halisi. Wenye maduka, tuwekeeni maboksi yenu. Na mwezi wa sita, kabla ya likizo, kila shule itundike michoro ya watoto wote, wote bila kuchagua, katika ukumbi wa parokia au uwanjani, jina la mtoto likiandikwa kwa mkono wake mwenyewe, bila nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Wazazi, siku hiyo njoni.